Taa za Gari la Urbano

Jumanne, 2 Julai 2024

Chuma hakina kosa! Miaka yote hii nimekilaumu bure.

Nimerudi kutoka mjini jioni hii, vumbi bado limo masikioni. Daktari anaitwa Eliana. Binti mdogo, angeweza kuwa darasa moja na Witness wangu. Kaniamkia vizuri, shikamoo baba, karibu baba, halafu akaibandika picha ya eksirei kwenye taa. Nikakiona. Kipande cha bomu, kimetulia kwenye nyama ya paja, cheupe, kidogo kama punje ya mahindi. Nikamwambia, ndicho hicho, kitoeni. Akasema hapana, hicho hakinisumbui, kimeshajizoelea, tukiache. Kinachoniumiza ni hiki — akapandisha kidole mpaka kwenye nyonga. Mfupa umesagika. Ule utelezi wa kwenye kiungo umekwisha, mfupa unasugua mfupa.

Ni kwa sababu ya vita? nikauliza.

Ni umri, baba, akasema. Na magunia.

Umri na magunia! Kijiji kizima kinajua mimi nachechemea kwa ajili ya Uganda. Kila mwaka ikikaribia Siku ya Mashujaa walimu wananiletea watoto wa shule, nawaonyesha hili paja, wanashika midomo. Leo naambiwa ni magunia ya alizeti. Nitawaambia nini wale watoto?

Halafu likaja la pili. Anasema ule mfupa mbovu unaweza kukatwa, ikawekwa nyonga ya bandia. Ya chuma! Wiki ijayo madaktari bingwa wanakuja kuweka kambi hapo hospitali, naweza kuandikishwa. Nikamuuliza, nisipofanya nitakufa? Akasema sitakufa, nitaendelea kuumia tu, na mguu utazidi kukaza. Si lazima. Ni hiari yangu. Kisha akanieleza hatari bila kuficha: miaka yangu sitini na sita, presha, damu kuganda mguuni na kupanda kwenye mapafu, kidonda kuoza. Na wachache hawaamki kabisa. Wachache, alisema. Nilitoka pale na hilo neno moja tu.

Mwaka 1979 hakuna aliyeniambia ni hiari yangu. Nilikuwa mgambo, nikapewa bunduki, nikaenda. Leo naulizwa! Sijui kujibu.

Jumatano, 3 Julai

Nimemwambia Mama Witness. Alikuwa uani anapepeta alizeti. Hakuacha kupepeta.

Akauliza kama naumwa kiasi cha kufa. Nikasema hapana. Basi unakwenda kutafuta nini huko, akasema.

 Ningeweza kumwambia habari ya soksi. Kila asubuhi yeye ndiye ananivalisha, mimi siwezi kuinama. Mtu niliyetembea kwa miguu kutoka Mutukula mpaka Masaka, na mzigo mgongoni, leo nainua mguu kama mtoto! Na ningeweza kumwambia habari ya kiti. Mwaka jana pale wilayani, Siku ya Mashujaa, wenzangu wote wamesimama, mimi nikaletewa kiti cha plastiki cha bluu. Kijana kakileta kwa adabu kabisa. Nikakaa. Sijamwambia mtu jinsi kile kiti kilivyoniuma.

Nikasema tu: maumivu. Akasema maumivu yangu anayajua, analala nayo kitanda kimoja. Hataki nikatwe. Bora mume anayechechemea. Akaendelea kupepeta, na makapi yote yakaja upande wangu. Sidhani kama ni upepo.

Ijumaa, 5 Julai

Gabrieli kaja. Katika tuliokwenda vitani kutoka kijiji hiki tumebaki yeye na mimi. Habari anazo tayari, sijui nani kampa.

Kanisema! Anasema risasi zimenikosa, bomu likanichuna tu, leo naenda mwenyewe, kwa miguu yangu, kujilaza mezani nikatwe — nani kanikosea? Halafu akamtaja yule mwenzetu wa Masaka. Yule aliyelazwa kwenye hema la wagonjwa, akachomwa dawa ya usingizi, akaambiwa ahesabu, akahesabu kwa sauti nzuri ya parade, akanyamaza. Ndiyo basi, hakuamka tena. Tulikuwa tumesimama nje tunamsikiliza.

Nilidhani nimemsahau. Nimekuwa nikisikia ile sauti tangu mchana.

Nikamwambia Gabrieli anywe chai anyamaze. Chai akanywa.

Jioni nikaongea na Witness kwa simu, yuko Manyoni anakofundisha shule. Yeye anasema niende. Dawa za leo si zile za porini, siku hizi wanachoma sindano ya mgongoni, mtu anakatwa huku anaongea. Hilo ndilo la kunituliza? Nilale pale niwasikie wakinikata kwa msumeno!

Kuogopa risasi nakujua. Unaogopa huku unakwenda, maana nyuma kuna afande. Lakini kuogopa kitu ambacho naweza kukikataa kesho asubuhi na hakuna atakayenifunga — sijakuzoea.

Jumapili, 7 Julai

Nimeshaamua siendi. Hivyo ndivyo nilivyoingia kanisani.

Kosa langu nilimwambia Mwinjilisti Hosea juzi anikumbuke kwenye sala. Kidogo tu, nilimwambia. Leo kasimama mbele, kavuta pumzi, katangaza: ndugu yetu mpendwa, askari wetu, anakwenda kwenye kisu. Kwenye kisu! Kanisa zima likaguna. Akaomba mpaka mtoto wa mtu akaanza kulia.

Baada ya ibada wakapanga mstari kunipa mkono. Kwa mikono miwili, wananishikilia. Wengine machozi. Bibi Martina kanivuta pembeni kaniomba msamaha kwa ajili ya yule mbuzi. Mbuzi gani? Wa mwaka gani? Sikumbuki mbuzi! Kaomba tu, kalia, kaenda zake. Ndipo nikashtuka. Hawa watu wananiaga.

Damu ikanichemka. Nimefika nyumbani nikamwambia Mama Witness: naenda. Jumanne.  Kapasha maharage.

Hivyo nimeamua kwa hasira. Najua si njia ya kuamua jambo kama hili. Lakini hoja zote nimeshazipima, za Gabrieli na za Witness, zinalingana, na mimi nimechoka kupima.

Jumatatu, 8 Julai

Urbano atanipeleka kesho. Gari lake ndilo la kila kitu hapa kwetu, Noah nyeupe — inabeba alizeti, inabeba wajawazito, inabeba wagonjwa, na kukitokea msiba mjini ndiyo inayomrudisha marehemu. Nimemwambia aifagie.

Watanikata Jumatano. Mama Witness kanipigia pasi shati. Kasema neno moja tu: ukitoka huko ndani, piga simu, hata kama ni usiku. Nimemwahidi.

Jumatano, 10 Julai

Aibu!

Wamenipima presha asubuhi, nesi akakunja uso. Akapima tena. Akaniambia nipumzike, nivute pumzi, nifikirie kitu kizuri. Nikafikiria. Akapima, ikawa imepanda zaidi! Daktari Eliana kaja mwenyewe, kakaa kitandani kwangu. Hatuwezi kukukata ukiwa hivi, baba. Kanipa vidonge, kanipangia tarehe nyingine, wataalamu watakuwepo tena mwisho wa mwezi. Nilazwe tarehe 24, nikatwe Ijumaa yake. Kama bado nitapenda, kasema.

Hakutaja woga. Ni mtoto wa watu, kalelewa vizuri. Lakini mimi najua, na yule nesi anajua. Mwenzangu wa kitanda cha pili, mkulima wa Ikungi asiyewahi kuona hata gwaride, kapelekwa ndani anapiga mluzi. Askari anarudishwa nyumbani!

Urbano atakuja kunichukua kesho. Nimemkataza kumwambia mtu yeyote. Yeyote. Na simu yangu nimeizima. Mama Witness nitamweleza mwenyewe, uso kwa uso, kwa maneno yangu. Sitaki akasikie kwa mwingine kwamba mume wake kashindwa hata kabla ya kisu.

Ijumaa, 12 Julai

Jana sikuweza kuandika.  Leo najaribu, kwa utaratibu, tangu mwanzo.

Kitanda cha hospitali kilikuwa kimeichokoza nyonga, kukaa nikashindwa. Urbano akalaza viti vya nyuma nikalala chali. Tulipoacha lami pale Iguguno vumbi likaanza, malori ya alizeti yamekoroga barabara yote, nikajifunika shuka mpaka kichwani. Shuka jeupe. Urbano naye akawasha taa, ili malori yamwone. Na akaenda polepole, kwa sababu kila shimo nilikuwa namtukana. Kila kitu na sababu yake ya haki! Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekaa akajumlisha.

Maana kwetu, gari likitoka hospitali mchana, taa zinawaka, linakwenda pole, na nyuma kuna mtu kalala kafunikwa shuka — hakuna anayeuliza. Hata mtoto anajua. Unasimama pembeni mpaka lipite.

Urbano anasema aliwaona watu wakisimama. Aliona baiskeli zinasimama. Mzee mmoja kavua kofia. Akadhani wanamshukuru kwa kutowatimulia vumbi. Bure kabisa! Ila na mimi nilimsikia bodaboda mmoja akipunguza mwendo ubavuni mwetu, akakaa pale kidogo, halafu akaondoka kwa kasi kwenda mbele. Sikufikiri kitu.

Tulipokaribia tukasikia ile rimu ya gari, kengele yetu ya kanisani. Ya ibada inagongwa haraka haraka. Hii ilikuwa moja. Kimya. Moja. Kimya. Nikajifunua nikamuuliza Urbano, nani amekufa? Akasema hajui, asubuhi alipotoka hakukuwa na mgonjwa mahututi. Tukakisia wote wawili. Nikasema atakuwa Bibi Martina, ndiyo maana aliomba msamaha. Tukamsikitikia sana. Nikamwambia Urbano, hatuwezi kupita hivi hivi, twende kwanza msibani, nyumbani nitafika baadaye. Akasema ni kweli.

Tukafuata watu. Wanawake na kuni vichwani, kama inavyokuwa kwetu kwenye msiba, kila mmoja na mzigo wake. Walipoliona gari wakatua kuni zile katikati ya njia wakaanza kulia. Nikajisemea, kumbe Martina alipendwa hivi.

Halafu wakakunja kwenye njia ya kwangu.

Kwangu tunaishi wawili tu. Mmoja alikuwa kwenye gari.

Sijui niandikeje. Nililiita jina lake, Yunisi, kama nilivyomwita kabla hatujazaa. Mama Witness halikuja kabisa, lilikuja hilo. Nilimwahidi simu nikaizima simu, naye kakaa tangu juzi anasubiri, na moyo wake si mzima. Nimemuua! Ndivyo nilivyojua, si kudhani, nilijua. Kutoka pale kwenye kona mpaka uani si mbali, mbuzi anafika bila kuchungwa, lakini nimeishi pale maisha mazima bila mke. Niliona jiko limezimika. Niliona watoto wakija na kuondoka. Niliona mimi nimekaa, mguu peku.

Nikafungua mlango gari halijasimama. Nikashuka. Nilishukaje sijui, nyonga haikuuma hata kidogo. Nimeshuka na shuka langu jeupe mabegani, mbele ya kijiji kizima!

Sijaona watu wakikimbia hivyo tangu vita. Mwinjilisti Hosea kaangusha kitabu cha nyimbo, kaingia kwenye zizi la mbuzi. Wabeba mabenchi waliyatupa. Gabrieli peke yake hakukimbia, magoti yamemkatalia, alibaki kwenye benchi akanyoosha mkono akasema, "Afande, rudi ulikotoka kwa amani. Tumeshakusamehe yote."

Mimi napiga kelele tu: Yunisi yuko wapi? Yunisi yuko wapi!

Alikuwa mlangoni, chini, kwenye mkeka. Waliokuwa wamemshika wamekimbia wamemwacha. Kanga kichwani, macho makavu. Akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu, taratibu. Hakulia, hakunigusa. Alisimama, akajikung'uta vumbi, akaingia ndani. Nikasikia komeo.

Ndipo nikaona vizuri. Turubai nusu limefungwa. Sufuria kubwa za kanisa. Upande wa jikoni sururu mbili zimetupwa, na ardhini wamechora mstari, mrefu na mwembamba, wa kipimo cha mtu. Kipimo changu.

Witness kafika jioni kwa basi. Naye walimpigia. Kalia kutoka Manyoni mpaka hapa, sauti haina, kanikuta kwenye kigoda nimeshika kikombe. Kanipiga na ngumi zote mbili kifuani kama alipokuwa mdogo. "Simu, baba! Simu yako ilikuwa wapi?" Halafu akacheka, halafu akalia upya. Nilistahili ngumi.

Jumamosi, 13 Julai

Mama Witness hasemi. Chakula anaweka, maji ya kuoga anaweka. Soksi havalishi. Nimeshinda peku.

Jumatatu, 15 Julai

Witness karudi kazini. Watu wanaanza kunizoea tena. Watoto wananikimbia halafu wanarudi kuchungulia. Kina mama hawajui wafanye nini na unga na kuni zao, maana vya msiba vinajulikana, lakini vya msiba usio na maiti vinarudishwaje? Vimebaki kwangu. Tunapikia kuni za matanga yangu.

Gabrieli kaja kaomba radhi, kasema alichanganyikiwa. Nikamuuliza, mlinisamehe yote yapi? Kasema niachane na hayo. Halafu kasema hili ni onyo, nisirudi kule tena. Safari hii sikubishana naye.

Lakini sababu yangu si yake. Mimi nilikuwa napima kifo changu. Nikizidiwa na dawa ya usingizi mimi nitajua nini? Nitalala tu. Askari anaweza kulipokea hilo. Sikuwa nimempima aliyebaki mlangoni na simu. Na sasa nimepita upande ule wa pili, kutoka kwenye kona mpaka uani, na sikuuweza. Yeye kaubeba tangu Jumatano usiku. Siwezi kumrudishia tena. Kwa ajili ya soksi? Kwa ajili ya kiti?

Ule mstari bado upo. Kuku wanaoga vumbi ndani yake. Nimeona Mama Witness anafagia uani, akifika pale anazunguka.

Alhamisi, 18 Julai

Amesema!

Nilimfuata jikoni. Nikamwambia siendi tena, tarehe 24 ipite, nitabaki na mguu wangu huu huu. Nilidhani atafurahi.

Akaweka mwiko chini. "Nani kakuambia nataka ubaki?"

Wewe, nikasema. Tangu siku ya kwanza ulikataa.

"Nilikataa kukulilia. Sasa nimeshakulilia."

Nikasema lakini hukulia, nilikuona, macho makavu. Akasema hao waliokuja na kuni walimkuta amemaliza. Simu yangu imezimwa tangu Jumatano, alikuwa na muda wa kutosha.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaomba radhi. Sijui kama alipokea. Alikuwa ameanza kusema na hakuwa tayari kusimama. Anasema usiku nikigeuka nalia usingizini, nadhani hasikii. Anasema na kile kiti cha bluu alikiona. Alikuwa nyuma na kina mama, akauona uso wangu, akatazama pembeni ili nisijue. Mwaka mzima kanyamaza nacho!

Nikauliza, kwa hiyo unasema niende?

"Sijasema uende."

Sasa unasema nini, mwanamke?

"Nasema usinifanye mimi sababu, Baba Witness. Ukibaki, baki kwa ajili yako. Ukienda, vilevile. Mimi sitaki kuja kuulizwa na huo mguu kila usiku."

Nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanikaba. Makaburi yetu yako kule juu, kwa baba na mama. Ule mstari wameuchora karibu na jiko. Nani alionyesha pale?

Mimi, akasema.

Kwa nini pale?

Akageukia moto. "Ningekuona nikiwa napika."

Nimetoka. Nimesimama uani mpaka kuku wakaingia kulala. Tumeoana miaka mingi na sijawahi kuambiwa neno kama hilo. Na limesemwa kwa ajili ya kaburi!

Jumapili, 21 Julai

Kanisani Hosea kanitazama, nikatikisa kichwa. Hakutangaza kitu. Mungu ambariki.

Nyonga imewaka njia nzima kurudi. Nimepumzika mara nyingi. Mama Witness kasimama kila niliposimama, anatazama mashamba.

Jumanne, 23 Julai

Nimepita zahanati kupima. Presha imeshuka! Muuguzi kafurahi, kasema vidonge vimefanya kazi. Mimi sikufurahi. Nilikuwa nategemea ikatae, niseme mwili umekataa, si mimi. Sasa sina pa kujificha.

Nimemwambia Urbano aje kesho asubuhi. Kuja si kwenda. Anaweza kuja akarudi na gari tupu.

Jumatano, 24 Julai

Naandika nikiwa kwenye kigoda, uani, jua limeshatoka. Urbano kaja. Kapiga honi mara moja tu, kwa adabu, tangu siku ile amekuwa mpole. Nimemwambia asubiri.

Hatari ni zile zile. Wachache ni wale wale. Kesho ni Siku ya Mashujaa, na wenzangu watasimama. Nikienda nitakuwa kitandani nasubiri Ijumaa. Nikibaki, kile kiti cha bluu kipo, kinaningoja. Yule mwenzetu wa hema la Masaka nimemsikia tena alfajiri, anahesabu. Nimejaribu kumsikiliza mpaka mwisho safari hii, nisikimbie. Sijui. Kweli sijui.

Mlango. Mama Witness katoka.

Kavaa gauni la kanisani! Kanga mpya, viatu, mfuko mkononi. Sikumwambia aje. Anafunga kufuli, ufunguo anautia kifuani. Kapita mbele yangu hata kunitazama hakunitazama. Kapita katikati ya ule mstari, kaukanyaga.

Yuko kwenye gari. Anamwambia Urbano ainue viti vya nyuma. Urbano anasema mama, mzee hawezi kukaa, nyonga. Yeye anasema atakaa. Kalivuta lile shuka jeupe kutoka kwenye kiti, kaenda nalo mpaka kwenye kamba ya nguo, kalianika pale. Kavu! Sasa anamwambia Urbano habari ya taa. Asiwashe. Hata vumbi liwe giza, asiwashe, wakati wa kwenda wala wa kurudi.

Urbano kauliza, na kurudi, mama, kama ikitokea —

Mama Witness kamwacha hapo. 

Anakuja kwangu. Kapiga goti hapa mbele, ana soksi zangu. "Utakaa dirishani," kaniambia. "Utafungua kioo. Na utawapungia watu mkono, wote, mpaka kwenye lami. Wakuone uso."

Nimemwambia bado sijaamua.

Kasema inua mguu.

Nimeuinua ule mzima. Soksi imeingia, kaivuta vizuri mpaka juu, kaipangusa. Umebaki huu mbovu. Kashika soksi ya pili kwa mikono miwili, kaifungua mdomo.  Mimi naandika ili nisimtazame.

Bado anasubiri.